Tawi Lisilofika Rusumo

Barabara inayotoka Kahama kwenda magharibi hugawanyika mara mbili ndani ya Wilaya ya Biharamulo. Kwanza ni Nyakanazi, ambako njia moja inachepuka kusini kwenda Kakonko, Kibondo na hatimaye Kigoma. Mbele kidogo ni Lusahunga, ambako nyingine inapanda kaskazini kwenda Biharamulo mjini na Bukoba. Asiyechepuka hupita Nyakahura, huingia Wilaya ya Ngara, hufika Benaco, kisha huteremka hadi daraja la Rusumo, jirani na pale Mto Ruvubu unapoungana na Kagera. Usiku na mchana njia hii imejaa semitrela zenye makontena, mafuta, ngano na mitambo inayokwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Miji midogo ya njiani imekua kwa malori hayo. Nyumba za wageni, maegesho, mafundi wa matairi na mama lishe, wote wanaishi kwa dereva anayelazimika kusimama.

Kwa anayeifuata barabara hii, reli iliyo karibu ni ya Isaka, ng'ambo ya Kahama. Shehena iliyoletwa kwa treni kwa ajili ya Ngara ilibidi ishushwe huko na kupakiwa upya kwenye lori. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo uti wa mgongo wa habari hii. Tumezoea kuuliza kwa nini reli haikufika Rusumo. Swali linalonishughulisha mimi zaidi ni mahali mzigo unaposhushwa: nani huchagua mahali hapo, na gharama yake humwangukia nani. Mipango yote ya reli iliyochorwa kuelekea pembe hii kwa zaidi ya miaka 100 ilikuwa mipango ya kuhamisha mahali pa kushushia. Na zile treni mpya za Ulaya zinazotumia umeme wa nyaya kwenye njia kuu, kisha zikawasha injini zake zenyewe zinapoingia kwenye tawi lisilo na nyaya, zilibuniwa kwa ajili ya shida hiyohiyo. Ndiyo maana nimeona vema kusimulia mambo haya mawili pamoja.

Mwezi Mei 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka Kagera hapo Rusumo na kuingia Rwanda, akiwa na msafara wa mamia ya watu. Wengi wao walikuwa wapagazi. Hao ndio waliokuwa usafiri wa nchi hii: mtu mmoja, frasila mbili kichwani au begani, mwendo wa asubuhi hadi jua linapokuwa kali, na kambi. Kila kilichotoka Pwani kufika maziwa makuu kilipita mabegani mwa watu, na kila kilichorudi vilevile. Götzen alikuja kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia mwaka 1901.

Mwaka huohuo wa 1901 reli ya Waingereza iliyoanzia Mombasa iligusa Ziwa Viktoria pale panapoitwa Kisumu leo. Hesabu ya usafiri ya upande wa magharibi wa ziwa ikabadilika papo hapo. Ngozi, kahawa na bidhaa nyingine za Bukoba zikawa rahisi kupakiwa melini, kuvushwa hadi Kisumu na kupelekwa Mombasa kwa treni, kuliko kubebwa na wapagazi kwenda Dar es Salaam. Wajerumani walikuwa na boma Bukoba, wakajenga jingine Biharamulo, lile ambalo kuta zake bado zimesimama, lakini nauli ya biashara ya nchi waliyoitawala ilikuwa ikiingia mfukoni mwa Waingereza. Jambo hilo liliwauma sana.

Jibu lao lilikuwa Reli ya Kati. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma mapema mwaka 1914, urefu wa zaidi ya kilomita 1,250. Kabla hata shangwe za Kigoma hazijapoa, bunge la Ujerumani lilikuwa limekubali kugharamia tawi la kutoka Tabora kwenda kaskazini-magharibi hadi pale Kagera unapopinda, karibu na Rusumo. Liliitwa Reli ya Rwanda na lilipimwa kuwa na urefu wa kilomita 481. Lengo lilikuwa wazi: kufikia nchi zenye watu wengi za Rwanda na Burundi, kuchukua ngozi zao na nguvu kazi yao, na kuukata mkondo wa biashara uliokuwa ukielekea Kisumu. Kazi ilianza upande wa Tabora mwaka 1914. Agosti ya mwaka huo vita vikalipuka, na kazi ikasimama.

Hapo ndipo Ngara na Biharamulo zilipoingia kwa mara ya kwanza katika ramani za reli, nazo ziliingia kama nchi ya kupita. Kituo cha mwisho kilipangwa kwenye pembe ya mto kwa sababu ya kilichokuwa ng'ambo ya pili. Wahangaza, Washubi na Wazinza ambao ardhi yao ingekatwa na tuta hawakuwa sababu ya tuta lenyewe. Tabia hiyo ya mipango itajirudia, na naona ni haki kuiangalia kila inapojitokeza.

Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka kutoka Rwanda na Burundi. Mwezi Juni yaliiteka Biharamulo, na Septemba yakaingia Tabora. Kwa hiyo watu wa wilaya hizi mbili walitawaliwa kwa miaka kadhaa na Wabelgiji, hadi wakubwa walipokaa mezani kugawana mateka. Katika makubaliano ya mwaka 1919 kati ya Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji, Rwanda na Burundi zilibaki kwa Wabelgiji, na nchi iliyobaki ikawa ya Waingereza. Lakini Milner aliomba kipande cha ziada. Alitaka ukanda wa Gisaka, mashariki ya Rwanda, upande wa magharibi wa Mto Kagera. Sababu yake ilikuwa reli. Waingereza walikuwa bado wanaota njia ya treni kutoka Cape Town hadi Cairo, na waliona njia nzuri ya kutoka Tabora kwenda Uganda ingepita upande ule wa mto.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo, maana sijui mfano mwingine ulio wazi kama huu wa reli iliyotawala bila kujengwa. Kwa ajili ya mstari wa penseli, ufalme wa Rwanda ulikatwa pande mbili. Familia zilijikuta chini ya serikali mbili, malisho ya upande mmoja na ng'ombe wa upande mwingine. Mwami Musinga alilalamika, na askofu Léon Classe wa Kanisa Katoliki akaandika barua Ulaya kupinga. Mwishowe Shirikisho la Mataifa lilikubali mpaka urudishwe mtoni, na Gisaka ikarejea Rwanda mwanzoni mwa mwaka 1924. Hapakuwa na taruma hata moja lililolazwa.

Bugufi haikurudishwa. Hiki ni kipande cha vilima cha magharibi ya Ngara ya leo, kilichokuwa na uhusiano wa kale na utawala wa Burundi. Wabelgiji walikidai, Waingereza wakakikatalia, na kikabaki Tanganyika. Katika miaka ya 1930 Bugufi ikawa nchi ya kahawa na ya chama cha ushirika cha wakulima. Kahawa ile ililazimika kusafiri mbali kabla ya kufika mahali penye chombo kikubwa. Biharamulo ilikuwa na bandari yake ndogo ya Nyamirembe, ambayo leo iko Wilaya ya Chato, lakini meli nayo ni mahali pengine pa kupakia na kupakua. Gunia moja lingeweza kubebwa na mtu, likapakiwa lori, likapakiwa meli, likapakiwa treni, kisha likapakiwa meli ya bahari. Katika kila hatua palikuwa na mkono uliolipwa, na malipo yale yalikatwa kwenye bei ya mkulima. Wanaume wengi wa Bugufi hawakungoja bei hiyo ipande. Walitembea kwa miguu hadi Buganda kutafuta kazi ya vibarua.

Waingereza nao walijenga reli kutoka Tabora kuelekea kaskazini, ila hawakuifuata njia ya Wajerumani hadi mwisho. Waliielekeza kwenye pamba ya Usukuma. Ilifika Mwanza mwaka 1928, kama kilomita 380 kutoka Tabora, na mojawapo ya stesheni zake ndogo ilikuwa Isaka. Tangu siku hiyo pembe ya Kagera ikawa na reli ya jirani, reli ya kuifuata iliko.

Ni vema kutazama matawi mengine ya Tanganyika yaliishia wapi, kwa kuwa hofu ya wahandisi na wenye fedha kuhusu tawi la Rusumo haikutoka hewani. Tawi la Manyoni hadi Kinyangiri, upande wa Singida, lilijengwa katika miaka ya 1930 na kung'olewa katika muongo uliofuata. Reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya karanga zenyewe kushindwa. Tawi la Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata madini ya risasi ya Uruwira. Mgodi ulikufa, reli ikaishi.

Kwa nini Mpanda iliishi? Watu walihamia, walilima, na hawakuwa na njia nyingine wakati wa mvua. Lakini ninaona sababu moja zaidi, nayo iko Tabora. Kwa miaka mingi treni ya abiria ya Reli ya Kati ilipofika Tabora ilikatwa. Mabehewa ya Mwanza yalifungwa kichwa chake na kwenda kaskazini, ya Kigoma yakaenda magharibi, na ya Mpanda yakaondoka na treni ya tawi. Kuunganisha na kukatanisha mabehewa ni kazi ya saa nyingi, ya vichwa kusogea mbele na nyuma na wafanyakazi kushuka relini kwa tochi. Hata hivyo mama mwenye watoto na mizigo aliweza kukaa kwenye kiti chake. Shirika la reli lilibeba usumbufu ule badala yake. Nadhani huo ni ufundi wa kuheshimiwa, na kwamba tawi lolote hudumu kwa kadiri shina linavyolipokea.

Isaka, kwa upande wake, ilipata jina kubwa kwa sababu ya janga. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Dunia ilikuwa haijaona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa muda mfupi namna ile. Walikaa Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara, kisha kambi zikaongezeka: Lumasi, Kitali, Keza, na Lukole ya wakimbizi wa Burundi. Wenyeji wa Ngara, waliokuwa wachache kuliko wageni wao, waligawana kuni, maji na ardhi.

Watu wale walihitaji chakula kila siku, na chakula kilitoka bandarini. Mahindi, maharage na mafuta vilipakiwa kwenye mabehewa Dar es Salaam, vikasafiri karibu kilomita 1,000 hadi Isaka, na hapo vikahamishiwa kwenye malori yaliyokwenda Ngara kwa barabara iliyokuwa ikichakaa mbele ya macho ya watu. Kituo kidogo cha pamba kikawa ghala la uhai wa maelfu. Vichwa vya treni vilikuwa vichache, mabehewa yalichelewa kurudi, na siku malori yalipokwama, magunia yalirundikana upande wa reli huku vikombe vya kupimia posho vikipungua upande wa kambi. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, na Lukole ilifungwa mwaka 2008. Bandari kavu ya Isaka iliendelea kupokea shehena ya Rwanda na Burundi. Barabara nayo ilibaki na majambazi wa misitu ya Biharamulo na Kimisi, na kwa miaka mingi mabasi yalipita huko kwa kusindikizwa na askari wenye bunduki.

Mzigo uliovuka Isaka wakati ule uliwafundisha wapangaji jambo. Mwanzoni mwa karne hii serikali za Tanzania, Rwanda na Burundi ziliandaa mradi wa reli kutoka Isaka hadi Kigali, wenye tawi la kwenda Gitega na Musongati, penye nikeli, nchini Burundi. Upembuzi uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika ulifanywa na kampuni tanzu ya shirika la reli la Ujerumani. Hivyo karibu karne moja baada ya tawi la Tabora, wahandisi wa taifa lilelile walirudi kuipima pembe ileile. Mahali pa kugawanya njia pakawekwa Keza, ndani ya Ngara, palepale palipowahi kuwa na kambi. Michoro ile iliipa Ngara cheo ambacho haikuwahi kukipata: badala ya kupitwa, ingekuwa makutano.

Michoro haikutoka mezani. Shirika la reli lenyewe lilikuwa likiyumba. Mwaka 2007 liliingia mkataba wa uendeshaji na kampuni ya Kihindi ya RITES, mkataba uliovunjika mwaka 2011, na katikati ya hapo, mwishoni mwa 2009, mafuriko yakaisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe. Reli isiyoweza kuvuka Kilosa haiwezi kuahidi Kigali kitu. Hali ilibadilika mwaka 2017 ujenzi wa reli ya kisasa ya SGR ulipoanza Dar es Salaam. Januari 2018 Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walikubaliana Dar es Salaam kwamba njia ya Isaka hadi Kigali ijengwe kwa kiwango hichohicho. Magufuli aliijua nchi hii kwa miguu yake: alizaliwa Chato ilipokuwa sehemu ya Biharamulo, na aliingia bungeni mwaka 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki.

Vipande vya njia kuu viligawiwa makandarasi kimoja baada ya kingine: Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka, Isaka hadi Mwanza, Tabora hadi Kigoma. Kipande cha Isaka kwenda Rusumo kikabaki bila mkandarasi. Mwaka 2025 ulisainiwa mkataba wa kuiunganisha Burundi, na njia iliyochaguliwa ni ya Uvinza hadi Musongati, kusini ya mbali. Nikeli ya Musongati, iliyokuwa nusu ya hoja ya makutano ya Keza, ikapata mlango mwingine.

Wakati huo huku Pwani treni za umeme zilikuwa zimeanza kazi. Dar es Salaam hadi Morogoro ilianza Juni 2024, Dodoma mwezi uliofuata, na Novemba ya mwaka huo ikaja mchongoko, ile seti yenye pua ndefu iliyotengenezwa Korea Kusini. Spidi ni hadi kilomita 160 kwa saa, na nyaya zinabeba kilovolti 25. Abiria walizipokea kwa furaha ya kweli, na wana haki. Safari ya Dodoma iliyomaliza siku nzima imekuwa ya asubuhi. Lakini miezi ile ya kwanza ilionyesha udhaifu mmoja. Umeme ulipopata hitilafu, treni ilisimama katikati ya pori, na abiria wakangoja. Treni ya umeme peke yake haina cha kufanya waya ukifa.

Hapa ndipo uzoefu wa Ulaya unapofaa kuangaliwa kwa makini. Huko matawi ni mengi na ya zamani, na kusimika nyaya juu ya kila tawi kwa ajili ya treni chache za siku ni gharama isiyorudi. Ufaransa ilitangulia katikati ya miaka ya 2000 kuagiza treni za mikoani zinazotumia umeme na dizeli. Mwaka 2019 matawi ya Norfolk na Suffolk, mashariki ya Uingereza, yalipokea seti 38 za namna hiyo kutoka kiwanda cha Stadler cha Uswisi. Injini zake hazikuwekwa chini ya sakafu ya abiria. Ziko katika kibehewa kifupi katikati ya treni, chenye njia nyembamba ya watu kupita: injini mbili kwa seti ya mabehewa matatu, nne kwa seti ya manne, kila moja na nguvu ya kilowati 480. Chini ya nyaya injini hulala, na umeme huenda moja kwa moja kwenye mota. Nyaya zikiisha, dereva hushusha mkono wa kupokea umeme, injini huwaka na kuzalisha umeme wa mota zilezile, na abiria habadili treni.

Mwanzo haukuwa laini. Novemba 2019, karibu na mji wa Norwich, vizuizi vya tambukareli vilinyanyuka huku treni mojawapo ikija. Mfumo wa relini, uliozoea treni za zamani, haukuitambua ipasavyo. Magari yaliponea chupuchupu, uchunguzi ukafanyika, na baadhi ya treni za zamani zikarudishwa njiani kwa muda. Baada ya kasoro hizo kushughulikiwa, kampuni iliyoendesha treni hizo ikawa miongoni mwa zinazoongoza Uingereza kwa kufika kwa wakati. Somo ninaloliona ni kwamba treni mpya kwenye tawi la zamani hulikagua tawi zima: mawe, ishara, tambukareli na ujuzi wa mafundi.

Gharama nyingine haiondoki kwa kukaguliwa. Treni ya namna hii hubeba uzito wa injini hata pale ambapo haizihitaji, na kwenye dizeli nguvu yake hupungua. Kwa abiria wa Norfolk, nchi iliyo tambarare, tofauti ni dakika chache. Kutoka Isaka, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,100 na ushei, hadi vilima vya Ngara, mlima ungekula sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Kwa mizigo ndiyo zaidi. Vipo vichwa vya mizigo vya aina hii, na kimoja maarufu cha Uingereza kina kilowati 4,000 chini ya nyaya na kama 700 tu kwenye dizeli, yaani za kuingilia ghalani au bandarini. Kwa hiyo mtu asidhani kuwa treni hizi zingevuta nikeli kupanda na kushuka vilima bila nyaya.

Lakini jiografia ya umeme ya pembe hii imegeuka kwa namna ambayo wachora ramani wa 1914 wasingeiota. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo ziliwashwa taa na majenereta ya dizeli ya shirika la umeme la TANESCO, nje ya gridi ya taifa. Sasa hapo Rusumo, kwenye maporomoko yaleyale, kuna kituo cha megawati 80 ambacho Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa. Kutoka hapo njia ya kilovolti 220 inakwenda Nyakanazi, na nyingine inaunganisha Nyakanazi na Geita. Umeme mkubwa umefuata karibu njia ileile ambayo reli ilichorewa, ukafika kabla ya reli. Tawi la Rusumo lingeweza kuanza na nyaya sehemu ya Isaka na sehemu ya Nyakanazi, huku pengo la katikati likivukwa kwa dizeli au betri. Ujerumani ya kaskazini imeanza kutumia treni za betri kwenye matawi tangu mwaka 2023, na seti moja ya Stadler iliwahi kwenda kilomita 224 bila kuchaji tena katika jaribio la mwaka 2021.

Kizuizi ambacho hakuna injini wala betri inayokiondoa ni upana wa reli. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, ya SGR 1,435. Treni haiwezi kupita kutoka moja kwenda nyingine hata iwe na nishati za namna gani. Wakenya wanalijua hili tangu SGR yao ilipofika Naivasha na kuishia hapo: mzigo wa Uganda hushushwa na kupandishwa upya kwenye reli ya zamani au kwenye malori. Tawi la Rusumo likijengwa kwa upana wa zamani ili kuokoa fedha, Isaka itabaki mahali pa kushushia. Likijengwa kwa upana mpya, hata kwa njia moja, ishara za kawaida na nyaya za vipande vipande, treni iliyotoka Dodoma inaweza kukatwa Isaka kama ilivyokatwa Tabora, nusu ikaenda Mwanza na nusu ikapanda Nyakanazi. Ningechagua hili la pili, hata kama litachelewesha nyaya kwa miaka 20.

Mzigo wenyewe haukosekani. Kabanga, ndani ya Ngara, kuna nikeli iliyotafitiwa tangu miaka ya 1970, na Januari 2021 serikali ilisaini makubaliano ya kuichimba kwa ubia ambao asilimia 16 ni ya umma. Kiwanda cha kusafisha madini hayo kimepangwa Kahama, katika eneo la mgodi uliofungwa wa Buzwagi, si mbali sana na Isaka. Kwa mpango ulivyo, makinikia yatatoka Kabanga kwa malori, yapite Nyakahura, Lusahunga na Nyakanazi hadi Kahama, kwenye barabara ambayo kipande chake cha Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92, kimehitaji kujengwa upya kwa sababu ya uzito wa malori yaliyopo tayari. Njia hiyo ni ileile, karibu kijiji kwa kijiji, iliyopimwa kwa ajili ya reli, na tofauti na nikeli ya Musongati, hii ya Kabanga haina njia ya Uvinza.